“Kalibuni” si kosa la jinai: barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kiswahili nchini Uganda

Kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kwa Waziri wa Elimu na Michezo. Kwa watunga mitaala na watahini. Na kwa wote watakaokalia viti vya Baraza la Taifa la Kiswahili.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nawaandikia kwa sababu ya tangazo la maharagwe.

Tangazo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Dada mmoja anayeuza nafaka hapa mpakani aliliweka asubuhi na mapema kwenye kundi letu la WhatsApp, pamoja na picha ya magunia: “Nauza mahalagwe mazuri, kiro 3,000, kalibuni wote.” Kabla chai yangu haijapoa, kundi lilikuwa limejaa nyuso za kucheka hadi machozi, safu kwa safu. Mmoja akaandika, “Kalibu na wewe.” Mwingine akapiga picha ya skrini akaisambaza kwenye makundi mengine, na jioni nikatumiwa na mtu wa Mbale ambaye hata hakujua kwamba ilitoka kwetu. Kisha akaja bwana mmoja mwenye namba ya nje, akaandika hivi, nami nanakili herufi kwa herufi: “Uyu mganda ajui kiswaili, mwambieni hache.”

Hebu msomeni tena huyo bwana. “Huyu” hana h. “Hajui” haina h. Kiswahili chenyewe kakinyima h, na ile h aliyoibania kote huko akaenda kuimwaga kwenye “ache”, ambako haikuitwa. Makosa manne kwenye maneno sita. Hakuna aliyemcheka. Nyani haoni kundule, hilo tumezoea, lakini siku ile hata nyani wenzake hawakuliona, kwa sababu kosa lake lilikuwa kosa la wenye lugha, na la dada lilikuwa kosa la Uganda.

Dada akafuta tangazo. Siku ya tatu akarudi na jingine, la Kiingereza, maneno mawili tu na bei. Na kundi hili tulilianzisha ili watu wa mpakani wajifunze na kufanya biashara kwa Kiswahili.

Niliwahi kufundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 22. Siku hizi nina duka la vifaa vya shule na mashine ya fotokopi, na ndimi msimamizi wa kundi hilo lenye watu mia tatu na kitu: wafanyabiashara, madereva wa malori, walimu, wanafunzi waliomaliza, na wengine ambao sijui waliingiaje. Nina daftari ambalo tangu 2021 naandika humo kila kosa la tahajia na sarufi linaloonekana kundini, na kando yake lugha ya nyumbani ya aliyelifanya, nikiijua. Daftari hilo ndilo limenituma niwaandikie. Nilianza nalo kama mwalimu anayehesabu madhambi ya watu. Kurasa thelathini baadaye nikaona kwamba makosa yale hayakuwa ovyo hata kidogo.

Chukueni hilo tangazo. Kiganda kina l na r, lakini hazigombani, zimegawana nafasi. Baada ya e na i huandikwa r. Kwingineko kote huandikwa l. Ndiyo maana moto ni omuliro: l baada ya u, r baada ya i, ndani ya neno moja. Chakula ni emmere, kazi ni omulimu. Mtoto hufundishwa hivyo darasani, na hata asiyefundishwa, mdomo wake unajua. Kwake hizo si sauti mbili; ni sauti moja yenye nguo mbili. Sasa rudini kwa dada. Mahalagwe: kabla ya herufi hiyo kuna a, basi l. Kalibuni: kuna a, basi l. Kiro: kuna i, basi r. Maneno matatu, sheria moja, na hakuna hata moja lililoponyoka. Mwanafunzi akiniletea kazi yenye mpangilio wa namna hiyo najua mbele yangu kuna kichwa kinachofanya kazi. Tatizo lake ni kwamba anatafuta njia za Unguja kwa ramani ya Kampala.

Nendeni Mbarara muone kinyume chake. Kinyankole hakiandiki l. Kazi kwao ni omurimo. Basi Mnyankole ataandika “chakura” na “kurara” na “mbere”, na Mganda atamcheka, halafu wote wawili watachekwa na bwana wa “uyu” na “hache”. Ukienda Gulu hadithi ni nyingine kabisa. Kiacholi hakina ngeli, kwa hiyo kijana wa huko anaweza kuandika l na r zake vizuri kuliko sisi, kisha akaandika “kitabu yangu” na “mtoto kubwa” mpaka uchoke. Halafu kuna “mutoto” na “mutu”, ambazo nchi nzima ya Wabantu inaziandika. Hizo mimi huzionea huruma ya pekee, maana ile m ya “mtu” ni mu iliyomeza irabu yake njiani kwenda pwani. Weka omuntu na mtu ubavu kwa ubavu utaiona. Anayeandika “mutu” amechelewa kuipata habari, basi.

Msije mkadhani nasema kila mtu aandike apendavyo. Nimeshika kalamu nyekundu muda mrefu mno kusema hivyo, na herufi moja inabeba mzigo. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kulia pilau. Mahali ni pahala, mahari ni ng’ombe wa wakwe. Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, aliuliza kundini mahali ya binti wa Tororo ni ng’ombe wangapi. Akajibiwa akaulize ofisi ya ardhi. Na kura, waheshimiwa! Kwa sheria ileile ya Kiganda, u hufuatwa na l, kwa hiyo kura inageuka kula. Kila msimu wa uchaguzi naletewa karatasi za kutoa nakala: “Nipe kula yako.” “Linda kula yako.” Mara ya kwanza nilisahihisha kwa kalamu. Aliyetumwa na mgombea akaniambia niache, watu wataelewa. Kwa sukari na sabuni nilizoona zikigawiwa wiki ile, nadhani walielewa kuliko mimi.

Kwa hiyo nakubali, kosa ni kosa. Ninachokataa ni jinsi tunavyolishughulikia, na hapo ndipo nawahitaji ninyi, kwa sababu tabia hii haikuanzia kwenye simu.

Mama yangu ni wa Luweero. Kiswahili chake chote kingeenea nyuma ya bahasha: toa kitambulisho, fungua mulango, lala chini, kuja hapa, panda gari, toka. Alikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, wakati wa Amin na baada ya Amin, kutoka kwa watu wenye bunduki. Panda gari ilifikia kuwa jina la msako wenyewe. Kila kitenzi alichokijua kilikuwa amri. Hakuna aliyesimama barabarani kumfundisha “naomba” wala “samahani” wala “ningependa”. Hakuwahi kujua kwamba lugha hii ina -nge-, kwamba mtu anaweza kuomba kitu kwa kuzunguka, kwa adabu, kama tufanyavyo kwa Kiganda mpaka mgeni achoke kusubiri. (Na “kuja hapa” yenyewe ni kosa, ni njoo. Lakini nani angesahihisha sarufi ya mtu mwenye bunduki?) Nilipomwambia nakwenda kusomea ualimu wa Kiswahili alinyamaza mpaka sufuria ikaungua.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Fikirieni basi mtu wa rika langu, aliyekua akiambiwa kwamba hii ni lugha ya wanajeshi na wezi, ambaye leo kwa hiari yake, kwa vifurushi alivyonunua kwa hela yake, anaamua kuandika sentensi ya kwanza ya Kiswahili mbele ya watu mia tatu. Anajibiwa nini? “Rudi shule.” “Toka kundini.” “Acha kutuharibia lugha.” Amri tupu, tena zile zile. Mama angezitambua zote.

Tena, kwa kuwa nimetaja hela: kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kwa siku ili tu kuingia kwenye mitandao ya kijamii, na 2021 ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya data. Anayeandika kundini analipia kuandika. Kwa bei hiyo, angalau asinunue matusi.

Najua serikali imefanya mengi kwenye karatasi. Baada ya marekebisho ya 2005, Katiba inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira yatakayowekwa na Bunge kwa sheria. Septemba 2019 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini ukakiweka kati ya masomo ya lazima kwa S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili. Februari 2021 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Julai 2022 mawaziri wetu wakapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Karatasi hatuna upungufu nazo. Shule ninazozijua hapa wilayani upungufu wao ni wa mwalimu. Somo liko kwenye ratiba, saa yake ikifika watoto wanacheza mpira, au wanapewa mwalimu wa somo jingine aliyewahi kuishi Nairobi.

Hofu yangu ni kwamba Baraza likishaanza kazi sawasawa litaona kazi rahisi kuliko zote ni kukemea. Kukemea hakuhitaji bajeti. Mtatoa orodha ya maneno mabovu, magazeti yataichapisha, na bwana wa “hache” ataibandika kundini kwangu kama hati ya kukamatia watu.

Kwa hiyo niruhusuni niwakumbushe kitu ambacho huenda kimesahaulika hata Kampala. Huo usanifu tunaoulinda kwa ukali haukushuka kutoka mbinguni, uliamuliwa mkutanoni. Ulikuwa mwaka 1928, mkutano ulikaa Mombasa, na ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mombasa, ninyi! Wenyeji wa mji huo, wenye Kimvita chao na mashairi ya karne na karne, wakaamka siku moja wakaambiwa nti yao iandikwe nchi na mato yao yaandikwe macho. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya maeneo manne yaliyotawaliwa na Waingereza: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Sisi tulikuwamo tangu siku ya kwanza, ingawa mwaka mmoja tu nyuma yake, 1929, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikuwa amepinga hadharani mpango wa Gavana Gowers wa kukiingiza Kiswahili zaidi mashuleni. Na kuanzia 1952 hadi 1962 makao ya kamati hiyo yalikuwa Makerere. Miaka kumi tahajia ya Kiswahili ilisimamiwa kutoka kile kilima cha Kampala. Kamati ikahamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako warithi wake wako hadi leo. Mganda anayeambiwa kwamba herufi za Kiswahili hazimhusu anaweza kumjibu mwenzake kwamba zilipita nyumbani kwao.

Na mkitaka mfano wa karibu zaidi na mlango wangu, tazameni nje. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo hapa, kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, jinsi walivyolisikia: boda, boda! Hakuna aliyewaambia warudi shule wakajifunze zile r mbili walizoziangusha njiani. Leo neno hilo linaandikwa magazetini Nairobi na Dar es Salaam, na hakuna mhariri anayeona haya. Lingekutana na kundi la WhatsApp siku ile lingekufa kabla ya saa nne asubuhi.

Ni zamu ya maandishi yenu wenyewe sasa, na hapa nitasema kidogo kwa sababu ni aibu. Wakati wa korona ofisi moja ya umma, jina lake siliandiki, iliniletea bango nitoe nakala hamsini: “Osha mikono yako na maji ya kukimbia.” Nikamwuliza kijana aliyetumwa ni nani kaandika. Kompyuta, akasema. Nikamwambia maji ya bomba hayakimbii, yanatiririka, na mikono huoshwa kwa maji. Akanitazama kwa huruma: bango lilikuwa limeshapigwa muhuri. Moja bado liko ukutani, jua limelifubaza. Kundi zima linalipita kila siku na sijaona uso wa kucheka hata mmoja. Muhuri una heshima yake.

Mwanzo wa yote, ajirini watu wa kusoma matangazo yenu kabla hayajabandikwa. Si wengi. Mmoja kwa wizara, mwenye mamlaka ya kurudisha karatasi. Bango la serikali ndilo kamusi pekee ambalo mtu wa kawaida huliona kila siku bila kulinunua.

Watunga mitaala nawaomba kitu kigumu kidogo, na ndicho ninachokitaka kuliko vyote. Vitabu vinavyotufikia vinamfundisha mtoto wa Uganda kana kwamba amezaliwa Tanga. Hakuna ukurasa unaomwambia Mganda: l na r katika Kiswahili ni sauti mbili, na hii hapa sababu kwa nini sikio lako linakataa. Hakuna unaomwambia Mnyankole kwamba atapaswa kuifanya l kuwa rafiki mpya. Hakuna unaomkalisha Mwacholi polepole na ngeli, jozi moja kwa wiki, badala ya kumrundikia zote muhula wa kwanza. Arua na Bombo, ambako Kiswahili na Kinubi vimeishi jirani siku nyingi, mtoto anakuja darasani akikizungumza tayari, na mwalimu anamwanzishia “hiki ni kiti”. Ukurasa mmoja tu kwa kila lugha kubwa ya nyumbani. Nilipoanza kuwaeleza wanafunzi wangu ile sheria ya omuliro, wakaona kwa macho yao kwamba neno lao na neno la Kiswahili yanafuata barabara mbili, “kalibu” zilipungua darasani kwa wiki chache. Kalamu nyekundu nilikuwa nimeitumia miaka mingi kabla ya hapo na hazikupungua.

Watahini, mtenganishe kosa linalogeuza maana na lisilogeuza. Aliyeandika “kula” akimaanisha kura ameharibu sentensi. Aliyeandika “kalibu” ameandika karibu kwa lafudhi. Hawa wawili wasikatwe alama sawa.

Simu nazo zina lao. Mtu anaandika “kama”, inamgeuzia “karma”. Anaandika “sawa”, inaikata vipande viwili vya Kiingereza. Mengi yaliyomo kwenye daftari langu si makosa ya mtu, ni ya simu iliyowekwa lugha ya watu wengine. Kibodi ya Kiswahili imo ndani ya mipangilio ya simu nyingi, ni kubonyeza mara nne au tano, nami huwawashia watu dukani bila malipo. Mwalimu yeyote angeweza kulifanya hilo kuwa somo la kwanza la muhula, dakika kumi, na mzazi akafaidika na simu ikirudi nyumbani.

Na Baraza, tafadhali, kabla ya orodha ya maneno mabovu, wekeni namba ya kuuliza. Mtu aandike: “Ni fedha au feza?” Ajibiwe siku hiyohiyo: ni fedha, kwa dh, na sentensi moja ya mfano. Bila mahubiri.

Kwetu kundini tumejaribu hivyo. Baada ya mambo ya yule dada niliweka masharti, na watu kadhaa wakajitoa wakisema nimekuwa dikteta. (Mmoja aliandika “ditekta”. Sikumjibu.) Anayetaka kumsahihisha mwenzake amfuate pembeni, si mbele ya watu. Aandike neno sahihi, aeleze kwa nini, atoe mfano. Asiyejua kwa nini, anyamaze. Anayecheka herufi za mtu kwenye tangazo la biashara, matangazo yake yanafutwa wiki nzima. Sharti hili la mwisho ndilo lililotuliza bahari. Hakuna mwalimu wa lugha kama mfuko.

Yule dada nilimfuata mwenyewe. Ninayo mazungumzo bado, naye ameniruhusu. Nilimwandikia: “Dada, karibuni ni kwa r. Hapo Kiganda kinakuponza: baada ya a sisi huandika l, wao hawajali kilichotangulia.” Akakaa muda, ile alama ya kuandika ikitokea na kupotea. Kisha: “Kumbe. Na mahalagwe?” Nikamwambia hayo nayo r. Akauliza: “Wao wanajuaje sasa ni ipi?” Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa darasani. Nikamjibu kwamba hawajui kwa sheria, wanajua kwa kusikia tangu utotoni, na sisi itabidi tukariri neno kwa neno kama tulivyokariri bei. Akatuma uso wa kucheka, wa kwanza ambao ulikuwa wa kwake. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua: siku ile ya vicheko, kabla hajafuta, mtu wa Kisumu alikuwa ameshamfuata pembeni akanunua magunia manne. Hakusema lolote kuhusu herufi. Aliuliza kama yamekauka.

Daftari lenyewe lina makosa zaidi ya mia nne sasa, limepangwa kwa lugha za nyumbani. Kiganda kimechukua nafasi kubwa, Kisamia na Kiteso vinafuata. Kilugbara nina ukurasa mmoja tu na ungehitaji mtu wa kuujaza. Silihitaji tena, kwa kuwa nimelikariri. Kama kuna ofisa wa mitaala au wa Baraza anayelitaka, aje Busia alichukue, au nimtolee nakala, karatasi ni zangu. Aje baada ya saa nane mchana. Asubuhi kuna foleni ya fotokopi. Akishuka stendi aulize duka la mwalimu wa “kalibuni”. Siku hizi ndivyo wanavyoniita, na waendesha boda wote wanapajua.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Busia, Uganda